Bustani ya Kaskazi: Hesabu Madumu Kabla ya Mbegu

Pakiti ya mbegu za mchicha ni shilingi 2,500, na ndani yake kuna mbegu za kujaza uwanja mzima. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mtu anashika pakiti dukani, anatazama picha ya majani mabichi, anajisemea kumbe bustani haina gharama. Jua la Januari likishapiga wiki mbili ndipo anapogundua kuwa alichokubali kununua si mbegu. Ni maji.

Nazungumza na wewe mwenye kiuanja cha mchanga Dar es Salaam, au kwingine kokote pwani, kipindi hiki cha kaskazi: vuli imekwisha, masika haijafika, mchana joto linagusa nyuzi 32 na usiku halishuki sana chini ya 25. Una elfu kumi mkononi, na unataka mboga isiyokulazimu kwenda genge kila jioni. Bei nitakazotaja ni za mtaani kwangu. Za kwako zinaweza kuwa juu au chini, lakini namna ya kupiga hesabu ni ile ile.

Chukua tuta dogo la mchicha, upana mita moja, urefu mita mbili. Kwa jua hili mboga za majani zinahitaji kama lita 5 hadi 6 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Tuta lako linataka lita 12. Mchicha unakaa ardhini wiki nne. Zidisha: siku 28 mara lita 12 ni lita 336, karibu madumu 17 ya lita 20.

Mwenye bomba analipa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Tuseme bili yako inatoka shilingi 2,000 kwa uniti. Tuta zima, kuanzia siku ya kumwaga mbegu hadi siku ya kuvuna, litakunywa maji yasiyofika ya 700.

Anayenunua kwa mkokoteni kwa 300 kwa dumu atalipa 5,100. Na wewe unaijua Januari: bomba likikatika siku mbili, kijana anasimama getini na kusema, "Mama, leo mia tano, foleni ilikuwa ndefu." Hapo tuta lile lile limefika 8,500.

Sasa mavuno. Kwenye mchanga wetu, tuta la ukubwa huo likitunzwa hunipa mafungu 12, likinipenda sana 15, ya ukubwa wa genge. Kwa 500 kwa fungu, hiyo ni 6,000 hadi 7,500. Mwenye bomba amepata faida safi. Mwenye dumu la 300 amebakiwa na kidogo tu, na bado hajahesabu samadi wala mgongo wake. Mwenye dumu la 500 amekula mchicha wa bei ghali kuliko wa sokoni, na ameulima mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili. Kama maji yako ni ya kununua kwa dumu, usipande mchicha wala chainizi kabla ya masika. Nunua genge. Usione haya, hata mkulima hununua.

Wapo watakaosema wana boza. Gawanya kwanza. Ukiambiwa 70,000 kwa boza la lita 5,000, kila lita 20 ni 280. Ni nafuu kidogo kuliko mkokoteni, lakini si maji ya kumwagia mboga ya mia tano. Uliza pia kama bei hiyo inafika hadi kwenye tangi lako au inaishia barabarani. Mpira wa boza ukiwa mfupi kuna ya kulipa zaidi, na mara nyingi hutajiwa maji yakiwa yameshaanza kushuka.

Kisima cha jirani kinaweza kuwa cha bei poa, ila onja. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinakauka kama zimechomwa, jua ni chumvi. Mchicha huvumilia kiasi. Maharage hayavumilii. Maji ya chumvi pia hayafai kumwagwa kidogo kidogo, kwa sababu yanaacha chumvi pale juu kwenye mizizi. Kila baada ya siku kadhaa mwaga mengi kwa mkupuo ili iteremke chini. Yaani ule unafuu wa bei unaurudisha kwa ujazo.

Na wewe wa bomba, kabla hujacheka, soma bili yako hadi chini. Nyumba iliyounganishwa na mtandao wa majitaka hutozwa ada ya majitaka kwa kufuata maji iliyotumia, na mita haijui kwamba lita zile zilikwenda kwenye bamia. Ongeza hiyo kwenye bei ya uniti ndipo ufanye uamuzi.

Maji ambayo hayana bili ni ya jikoni. Kwangu tuko watano, nikapima kwa wiki moja: siku ya kawaida tunamwaga kama lita 8 za kusuuza mchele, kuosha mboga na kuloweka maharage, siku ya pilau zinafika 15. Hayo yanatosha ndoo nne au tano za mimea, kila siku, bila senti. Ya kuoshea samaki nayo ni mbolea, lakini mapaka wa mtaa mzima watakuja kufukua, kwa hiyo chagua. Ya sabuni ya kufulia usiyamwagie mboga za majani. Yapeleke kwenye mgomba au mpapai.

Haya, upande nini?

Matembele kwanza, kwa sababu mbegu yake unaila. Nunua fungu la matembele la 500 lenye vikonyo vinene, chambua majani upike, kisha yale marando usiyatupe. Kata vipande vya urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne, zika theluthi mbili ardhini, funika na majani siku tatu nne za kwanza. Wiki ya tano au ya sita unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotoa matawi. Tuta moja la matembele litakupeleka miezi mingi bila kupanda upya. Mchicha unaong'olewa mara moja hauwezi kushindana na hilo kwa hesabu yoyote.

Bamia inaupenda moto huu. Loweka mbegu usiku mmoja, weka mbili kila shimo, ng'oa dhaifu. Ikipandwa sasa unavuna kuanzia mwezi wa tatu, siku kama 50 hadi 60 tangu kupanda, na miche sita au minane inatosha nyumba ya watu watano. Gharama yake iliyojificha ni muda: lazima uchume kila baada ya siku mbili. Ukisafiri wiki moja unarudi unakuta magongo yenye nyuzi, na mmea ukishakomaza mbegu hupunguza kuzaa.

Kisamvu ni cha mtu asiye na maji kabisa. Pingili mbili za muhogo kwa jirani, bure, kando ya ukuta, na baada ya kushika hata ukisahau wiki nzima utaukuta umesimama. Kunde za majani nazo zinavumilia, wiki tatu au nne unachuma. Pilipili mbuzi na nyanya chungu vinapenda joto, na mpilipili mmoja ukitunzwa unavuka mwaka.

Vya kuacha: kabichi, karoti, na hasa nyanya.

Najua nyanya Januari imepanda bei, na ndiyo inayokutia tamaa. Lakini tazama kinachotokea. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukabaki juu, ua la nyanya haliungi tunda vizuri, linanyauka na kudondoka. Utakuwa na mti mzuri, majani tele, na nyanya tatu. Juu ya hilo ukame ndio msimu wa utitiri mwekundu na inzi weupe, na tangu 2014, mwaka mdudu kantangaze alipoingia nchini, mti wa nyanya uliokaa wazi ni mwaliko. Ukiharakisha ili uwahi masika, mvua ya Aprili inakuletea ugonjwa wa baka jani. Subiri. Sia kitalu mwezi wa tano mvua zikielekea kuisha, hamisha miche baada ya kama siku 25 hadi 30, uvune kwenye ubaridi wa kipupwe. Aina za kawaida kama Tanya na Tengeru 97 zinakuruhusu kuhifadhi mbegu zako mwenyewe. Chotara huzaa zaidi lakini mbegu zake ukizirudia hupati mzazi wake, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Kwa miche sita ya nyumbani, sioni sababu ya kununua chotara.

Pakiti iliyofungwa au mbegu za kupimiwa? Pakiti ina lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI. Ya kupimiwa kwenye karatasi ni 500, haina kitu hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo ninayonunua mimi kwa mchicha. Sababu ni ujazo: gramu moja ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya elfu moja, na kijiko kimoja cha chai, ukichanganya na mchanga mkavu ili usimwage kwa fungu, kinatosha tuta letu la mita mbili. Pakiti nzima itazeekea kabatini kwenye joto na mwakani haitaota vizuri.

Ila jaribu kabla hujamwaga. Mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, zifunike, siku ya nne hesabu. Zikiota 15 au zaidi, endelea. Zikiota 6, umepoteza mia tano tu na si madumu kumi na saba. Na mchicha ukikupendeza, acha miche miwili ichanue na kukauka, na hutanunua mbegu tena.

Kwa pilipili na nyanya chungu hesabu inageuka. Unahitaji mche mmoja au miwili, pakiti ni 3,000, na kitalu kinataka kulelewa mwezi mzima juani. Mche wa wauza miche wa barabarani ni 500. Nunua mche. Lakini pita asubuhi kabla hawajamwagilia, ndipo utakapoona upi umelegea kweli; baada ya maji, yote inaonekana kama imetoka harusini. Geuza jani uangalie chini. Ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba kama wa buibui, rudisha, huo utitiri utauhamishia nyumbani kwako. Chini ya kiriba mizizi isiwe imetoka na kujizungusha. Na kama umepanda bajaji ya 3,000 kufuata miche miwili ya elfu moja, basi hujanunua miche, umenunua safari. Nunua ile iliyo njiani unakopita kila siku.

Vyombo. Hapa ndipo pesa za watu zinapoyeyuka, kwa sababu ya picha.

Siku hizi kila mtu anataka tuta la kuinuliwa, lenye mbao pembeni, kama aliloona kwenye simu. Mbao, misumari, fundi, kisha udongo wa kujaza. Hata nikikufanyia bei ya undugu huwezi kumaliza chini ya 40,000. Na kwa kaskazi ni kosa la moja kwa moja: udongo ulioinuliwa juu ya mchanga hukauka haraka kuliko wote. Tuta la kuinuliwa ni la masika, la kukimbia maji. Sasa hivi fanya kinyume. Chimba chini kiganja kimoja, changanya samadi, acha kingo kama jaruba dogo la mpunga, na kila tone utakalomwaga litabaki pale pale. Gharama yake ni jembe la kuazima na saa moja ya asubuhi.

Usiye na ardhi, una kiroba, ndoo au tairi. Kiroba kitupu cha kilo 50 ni 500, kinabeba mimea mingi, lakini nyuzi zake haziliwezi jua. Baada ya msimu mmoja unakishika kinamomonyoka na vipande vya plastiki vinabaki kwenye udongo wako. Kwa matembele kinafaa, ilimradi ukiweke unapotaka kibaki, kwa sababu kikishajaa hukibebi.

Ndoo kuukuu ya lita 20 ni 2,000, na ukitoboa matundu manne matano chini itakaa miaka. Kwangu hiyo ndiyo bora kwa bamia na pilipili. Chukua za mafuta ya kupikia. Za rangi na kemikali mwachie fundi, na chombo kilichowahi kuwa na dawa ya wadudu usikiguse hata ukipewa bure.

Tairi ni la bure, na ndilo nisilolitaka. Jeusi, linashika moto hadi mizizi inapikwa. Ukilipaka rangi nyeupe umeshaingia gharama ya rangi. Na ile mifereji ya ndani hutunza maji, ambayo mbu anayeleta dengue huyapenda sana. Dar es Salaam imeshaugua dengue 2014 na tena 2019. Kama ni lazima, likate upande wa juu kabisa, ulitoboe chini, na ulijaze hadi pasibaki uwazi.

Udongo wa kununua, ule mweusi wa kwenye viroba kando ya barabara, una gharama ambayo muuzaji haisemi: ndago. Kiroba kimoja cha 3,000 kikija na viazi vyake vya ndago, utang'oa miaka mitatu. Ukivuta jani, kile kiazi kinabaki chini na kesho kutwa kinachipua. Kabla hujalipa, mwaga kidogo kwenye kiganja na upekue. Ukiona vipunje vyeusi vigumu kama karanga ndogo vyenye nyuzi, ondoka. Bora mchanga wako mwenyewe na samadi.

Samadi ya kuku ni kali na inaonekana nafuu, 4,000 kwa kiroba, na nusu yake inatosha bustani hii. Ila muulize muuzaji imetoka bandani lini. Ikiwa mbichi itaunguza miche, kwa hiyo ilaze mahali penye kivuli, uinyunyizie maji na kuigeuza mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Unayetaka kupanda wiki hii huna muda huo. Chukua ya mbuzi au ya ng'ombe iliyokwisha kukauka na kuwa nyepesi, 2,000 kwa kiroba. Ni dhaifu zaidi, lakini unapanda siku ile ile. Ya ng'ombe huja na mbegu za magugu, hilo likubali. Nauli ya bodaboda iulize kabla, kwani wengine wakiona samadi bei inapanda kwa sababu ya harufu.

Mfuko wa mbolea ya dukani wa kilo 50 si wako. Maduka ya pembejeo yanapima hata kilo moja, na kilo moja ya urea ni nyingi kuliko utakavyohitaji mwaka huu: vijiko viwili vya chai kwa mita moja ya mraba, mara moja, mchicha ukiwa na wiki mbili. Nyunyiza jioni kati ya mistari, isiguse majani, kisha mwagilia papo hapo. Urea ikiachwa juu ya mchanga wa moto huruka hewani, na pesa yako inaruka nayo.

Nikiambiwa nitaje kitu kimoja cha kutumia pesa kabla ya vyote, nitasema matandazo, na pengine hata pesa hutatumia. Maganda ya mpunga kutoka mashineni, majani makavu ya mwembe, nyasi zilizofyekwa, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Tandaza unene wa vidole vitatu kuzunguka mimea ikishaota. Tuta langu la matembele lililokuwa likidai maji kila siku sasa linangoja siku mbili. Kwa mwenye dumu la 300, hiyo ni nusu ya bili ya maji imeondolewa na takataka. Tahadhari mbili: usifukie vumbi la mbao ndani ya udongo, maana litanyonya chakula cha mimea, na kama mtaa wenu una mchwa, acha nafasi ya vidole viwili kati ya matandazo na shina.

Kivuli nacho kipo cha bure. Ukuta wako una upande wa mashariki. Bustani ikikaa hapo inapata jua la asubuhi, na kuanzia saa nane mchana ukuta wenyewe unaikinga. Upande wa magharibi ni tanuri. Kuhamisha ndoo kutoka upande mmoja kwenda mwingine hakuna malipo.

Huna ukuta, basi makuti au neti ya kivuli. Makuti machache ni 3,000, yanakaa msimu mmoja, mchwa akipenda nusu msimu. Neti nyeusi inayopunguza nusu ya jua ni kama 4,000 kwa mita, na ikiwa ya kuhimili jua inavuka miaka mitatu. Kwa miaka, neti inashinda. Kwa mwezi huu, makuti. Kumbuka neti haisimami yenyewe: fito nne, waya, misumari, na pengine fundi, hiyo ni neti ya pili. Na chandarua chenye dawa si neti ya bustani. Kiache kitandani kifanye kazi yake.

Kumwagilia: mpira, keni au matone? Mpira wa mita 15 kwa 2,000 kwa mita ni 30,000, na kiungio cha bomba pamoja na kichwa cha kunyunyizia vinauzwa kando. Pima mwenyewe mpira wako unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika ngapi. Kwangu ni mbili. Ukisimama robo saa ukiongea na simu, lita 150 zimekwenda kwenye tuta linalohitaji 12. Keni ya plastiki ya lita 10 ni 8,000 na inakufundisha kuhesabu. Kopo lililotobolewa kwa msumari halina bei na linafanya kazi ile ile.

Mfumo wa matone ni mzuri kwa mwenye tangi lililoinuliwa, maji safi na matuta mengi. Maji ya kisima yenye chumvi huziba vitundu vyake, chujio linataka kuoshwa, na vipuri havipatikani kila duka. Kwa ndoo sita, chukua chupa za maji za lita moja na nusu, toboa kifuniko tundu dogo la sindano, kata kitako, zika kichwa chini karibu na shina. Jaza asubuhi kabla ya saa mbili au jioni baada ya saa kumi na moja. Mchana usimwagilie, unalilisha jua.

Dawa nitaipitia haraka, kwa sababu kwa bustani ya nyumbani mara nyingi haistahili bei yake. Kichupa cha 8,000, glovu, barakoa, na pampu ya mgongoni ya 45,000, kwa mboga ya 7,000? Soma lebo: dawa nyingi zinataka usubiri siku 7, nyingine 14, kabla ya kuvuna. Matembele unachuma kila baada ya siku chache, kwa hiyo ukipulizia hutakula. Wadudu mafuta waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, piga chini ya majani, suuza kesho yake. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha husaidia, nayo mtaani hayauzwi. Kichupa cha kupulizia ni kile cha saluni, 2,000. Dawa inayouzwa kwenye chupa ya soda bila lebo usiiingize ndani ya geti lako, haijalishi muuzaji ni shemeji.

Tugawe sasa ile elfu kumi.

Wewe wa bomba: mbegu za mchicha za kupimiwa 500, bamia 500, miche miwili ya pilipili 1,000, miwili ya nyanya chungu 1,000, kiroba cha samadi kavu 2,000, ndoo kuukuu mbili 4,000, bodaboda 1,000. Imeisha. Matandazo kaokote.

Wewe wa dumu: fungu la matembele 500, viroba viwili 1,000, samadi 2,000, mche mmoja wa pilipili 500, pingili za muhogo kwa jirani bure, na maji ya kusuuzia mchele. Jumla 4,000. Zile 6,000 zilizobaki ziweke hadi mwezi wa tano, ndizo za kitalu cha nyanya.

Na wewe wa bomba, kama ni mchicha, umwage wiki hii au ijayo. Unaota siku ya tatu hadi ya tano, wiki ya nne umeshauvuna. Ukichelewa hadi katikati ya Machi, mvua ya kwanza ya masika italaza miche yote kwenye tope.